Uzi wa Saba Ulivyopanda Dundori

Vijana wangu, siku hizi mnanipata nyumbani nikichambua mboga. Mnasimama kwa geti na simu mkononi, mnasema, "Sasa mathe. Tumeambiwa wewe ndiye unajua magitaa." Halafu mnanionyesha picha. Gitaa limelazwa juu ya zulia jeupe, linang'aa kama sufuria ambayo haijawahi kuonja moto, na chini yake mwenyewe ameandika kwamba liko poa kabisa. Mimi nimeuza na kurekebisha magitaa hapa Nakuru tangu nikiwa msichana hadi magoti yangu yalipokataa kile kiti kifupi cha kibandani, na katika miaka hiyo yote sijakutana na gitaa la kuuzwa ambalo mwenyewe alisema haliko poa.

Na hamuulizi tena la nyuzi sita. Mnauliza la saba. Nikiwauliza huo uzi wa saba mtaufanyia nini, mnaangaliana.

Basi kaeni hapo kwa ngazi. Sukuma wiki itangoja. Mengine nitayasahau na mengine nitayarudia, lakini nikimaliza habari ya gitaa lililopanda Dundori, mtakuwa mnajua kuchagua.

Kwanza mjue kwamba mimi sijui kupiga gitaa. Najua mwanzo wa nyimbo nyingi sana na sijui mwisho wa hata mmoja. Wateja walikuwa wakicheka, lakini kutojua huko kuliniokoa mara nyingi. Anayejua kupiga hulifanya gitaa bovu lisikike zuri. Muuzaji akikwambia, "Ngoja nikupigie kidogo usikie," mnyang'anye gitaa kwa adabu. Ukilipa, utapeleka nyumbani gitaa peke yake. Vile vidole vitabaki dukani.

Aliyenifundisha ni Mzee Okoth, seremala wa zamani wa mabehewa ya reli, aliyefungua kibanda cha vyombo vya muziki karibu na soko. Kazi yangu ya kwanza kwake ilikuwa kuhesabu. "Hesabu," aliniambia, "kisha uhesabu tena kama mtu mwingine ambaye hamwamini yule wa kwanza." Nilihesabu masikio, yaani vile vifungo vya kichwani vya kukazia nyuzi. Nilihesabu freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Nilihesabu hata skrubu za mgongoni. Mwanzoni nilidhani mzee ananitafutia kazi ya kuniweka kimya. Baadaye nilishangaa ni watu wangapi wanauza gitaa lenye pengo na wanatarajia wewe ulione ukishafika kwako.

Lakini hata fundi hukosea, na Mzee Okoth alipokosea alikosea kwa ukarimu. Gitaa la kwanza la nyuzi saba kuingia kibandani kwetu lilitoka kwenye mzigo wa mitumba, limefungwa pamoja na mapazia na viatu vya kutelezea kwenye barafu. Nilihesabu masikio. Saba. Nikahesabu kama mtu mwingine. Saba.

"Mzee, hili lina sikio moja zaidi."

Alilitazama kama daktari aliyeletewa mtoto mwenye kidole cha sita. "Waliolitengeneza walikuwa wamechoka," akasema. Akang'oa lile sikio, akaziba tundu kwa gundi na unga wa mbao, akapaka rangi, akaliuza kama la sita. Tena akampunguzia mteja bei kwa sababu gitaa lilikuwa limezaliwa na kasoro.

Baada ya wiki mteja alirudi. "Mzee, gitaa ni nzuri. Lakini mbona hapa kando kuna nafasi ya kulaza mtu?"

"Hapo ni pa kupumzishia kidole gumba," Mzee Okoth akamjibu bila kupepesa.

Yule mtu alienda zake akipumzisha kidole gumba, na sijui kama mpaka leo ameacha.

Basi somo la kwanza ni hilo: gitaa la nyuzi saba si gitaa la sita lililoongezwa uzi. Shingo yake ni pana, masikio ni saba, daraja lile la chini linaloshika nyuzi lina viti saba. Mtu akikwambia amelitoboa la sita ili akuongezee uzi, mpongeze, uliza njia ya kutokea.

Somo la pili nililipata Elburgon, na halikuwa na gitaa hata moja. Mzee Okoth alinipeleka kwa rafiki yake mwenye kiwanda cha kupasua mbao, akaniacha huko nipikie wafanyakazi, na wakati chungu kiko motoni nijifunze kutazama mbao. Msimamizi alinionyesha jinsi ya kufunga jicho moja na kuinua ubao kama mtu anayelenga bunduki, nitazame kutoka mwisho hadi mwisho.

"Umeona nini, msichana?"

"Umenyooka."

"Ugeuze."

Nikaugeuza. Upande wa pili ulikuwa umeanza kujipinda kidogo tu, kama mtu anayegeuza shingo polepole asikie umbea wa meza ya jirani. Msimamizi alinieleza kwamba mti ukipasuliwa mbichi na kuharakishwa sokoni, hukaukia mikononi mwa mnunuzi, na hujipinda ukiwa tayari ni mali yake. Tangu siku hiyo nikishika gitaa sitazami rangi. Nalielekeza kwenye mwanga, nafunga jicho, natazama shingo kutoka kichwani kwenda chini, kwanza upande wa uzi mwembamba, halafu upande wa uzi mnene. Pande hizo mbili zikisema maneno tofauti, mimi narudisha gitaa. Na shingo ya nyuzi saba inavutwa na uzi mmoja zaidi, mchana na usiku. Ikiwa mbao zake ni za haraka haraka, itasalimu amri.

Sasa Dundori.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Asubuhi moja waliingia kibandani watu watatu kutoka kanisa fulani la huko juu. Wa mbele alikuwa Bwana Mbugua, mweka hazina, amevaa koti la suti juu ya sweta juu ya sweta nyingine, maana watu wa Dundori hawaamini jua letu la Nakuru. Wa pili alikuwa Mama Nyokabi, mwenyekiti wa kwaya, mwanamke ambaye akiketi kiti kinanyamaza. Nyuma yao alisimama Wambui. Huyo nilimjua. Alikuwa akiniletea gitaa la kanisa lao la nyuzi sita kila lilipougua. Asubuhi alikamua ng'ombe wa kwao, Jumapili alipiga gitaa, na hakuna aliyewahi kumfundisha. Alijifunza kwa kusikiliza redio na kukosea. Alikuwa amewapigia miaka mingi, na ukimsikia ungejua kwamba lile gitaa lilikuwa bovu na yeye hakuwa.

"Mama Akinyi," Bwana Mbugua alianza, "wale wa kanisa la chini ya barabara wamenunua gitaa mpya."

"Mungu asifiwe."

"Ya nyuzi sita."

"Ndiyo kawaida."

"Sisi tunataka ya saba."

Nikaweka bisibisi chini. "Ya saba kwa nini?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini nyumba ina paa. "Kwa sababu wao wako na sita."

"Na saba ni nambari ya Biblia," Mama Nyokabi akaongeza, kidogo tu, kama mtu anayeweka chumvi baada ya chakula kuiva.

Viazi vya waumini vilikuwa vimeuzwa, harambee imeshafanywa, na waumini wote walikuwa wameambiwa saba. Haikuwa kazi yangu kuwaambia kwamba nyuzi saba hupendwa zaidi na vijana wenye nywele ndefu wanaopiga muziki unaotikisa madirisha. Walichotaka kwangu ni kuchaguliwa. Nikawauliza lile swali ninalowauliza watu wote, na ambalo ninyi mnalikwepa kwa kunionyesha picha.

"Nani ataishika?"

Mama Nyokabi akasema, "Wambui."

Bwana Mbugua akasema, "Tutaona."

Halafu kibanda kikawa kidogo ghafla. Wambui alianza kusoma maandishi ya pakiti ya nyuzi, pakiti ambayo ilikuwa imeandikwa Kichina.

Maneno yalitoka polepole. Kanisa lao jipya la mawe lilikuwa karibu kufunguliwa, na gitaa lingeombewa siku hiyo hiyo. Kwao, anayeshika chombo siku kinapoombewa ndiye mpigaji wake. Hakuna kura wala mjadala baadaye. Kinanda chao kilikuwa bado kinapigwa na mzee mmoja asiyesikia vizuri, na watu wanaimba wakimfuata popote anapokwenda, kwa sababu ndiye aliyekishika kikiombewa. Sasa Bwana Mbugua alikuwa na mtoto wake wa kiume, Dennis, aliyekuwa Nairobi akisomea muziki. "Kijana amesoma," alisema. "Chombo kikubwa kinataka mtu aliyesoma. Wambui tumemshukuru. Ile ya zamani tunapeleka Sunday school."

"Na Wambui?" nikauliza.

"Kwaya haijajaa," akasema.

Kwa hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Gitaa lile lingeamua ni nani atakaa mbele miaka yote ijayo, na ni nani atarudi mstari wa nyuma akapige makofi. Wambui aliirudisha pakiti mahali pake, akainyoosha.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa kuchagua gitaa, si mpigaji. Lakini gitaa haliwezi kuchaguliwa bila mkono, na mkono uliokuwepo pale ulikuwa mmoja. Nikasema, "Mwenye kusoma hayuko. Nitapima na huyu aliyepo." Bwana Mbugua akakubali, kwa sababu kupima ni bure.

Tulianza na duka moja la mjini, ambako Bwana Mbugua alikuwa ameshalipenda gitaa kupitia kioo. Lilikuwa la dhahabu. Si rangi ya dhahabu tu. Hata skrubu zilikuwa za dhahabu.

"Hii ndiyo," akasema. "Hii hata ukikaa nyuma kabisa unaiona."

"Gitaa ni ya kuona?" Mama Nyokabi akauliza. "Basi tungenunua pazia."

Nilihesabu masikio. Saba. Nikahesabu kama mtu mwingine. Saba, lakini moja lilikuwa linazunguka bila kukaza, limewekwa pale kukamilisha idadi. Nikalielekeza kwenye mlango, nikafunga jicho. Upande wa uzi mwembamba ulinyooka. Upande wa uzi mnene ulikuwa unasikiliza umbea.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba. "Mathe, wewe unapima gitaa ama unapima ukuta?"

"Washa amplifaya."

Aliwasha, na haraka akabonyeza kile kidude cha kukwaruzisha sauti, ikawa kama lori linapanda mlima na gia mbaya. Bwana Mbugua alirudi nyuma hatua moja. Kijana akanipigia nyuzi zote kwa mkupuo mmoja na kusema, "Unasikia hiyo power?"

"Zima hiyo kitu. Sauti tupu."

Hili mlishike vizuri, ninyi wa nyuzi saba. Sauti ya kukwaruza huficha dhambi zote. Jaribuni kwa sauti tupu, isiyopambwa, na mgonge ule uzi mnene wa juu peke yake. Ndio uzi mnaoulipia; ule wa sita wa kawaida mngeupata kwa gitaa lolote. Ugongeni ukiwa wazi, halafu muubonyeze freti moja moja mkishuka shingo. Usikike kama mtu anayeongea akiwa ameketi. Ule wa gitaa la dhahabu ulivuma kama nzi ndani ya mkebe wa soda, na katikati ya shingo ukanyamaza kabisa.

"Hiyo ni style yake," kijana akasema.

"Kunyamaza?"

"Ni ya low tuning, mathe, sauti za chini. Huwezi elewa."

Nikampa Wambui. Mikono yake ilikuwa na nguvu, mikono ya kukamua, lakini vidole vilikuwa vifupi, na shingo ya lile gitaa ilikuwa ndefu kupita kawaida. Magitaa mengine ya nyuzi saba hurefushwa ili uzi mnene ukaze vizuri. Ni jambo zuri kwa mtu mwenye mkono wa mlinda lango. Wambui alinyoosha kidole mpaka bega likapanda, akafika nusu. Bwana Mbugua aliliona hilo, akafurahi.

"Dennis ni mrefu," akasema.

"Dennis akiwa mrefu, uzi utaacha kuvuma kama nzi?" nikamuuliza.

Mama Nyokabi alikuwa ameshatoka nje.

Gitaa la pili nililipata kwa simu. Kulikuwa na fundi wa mitambo ya mvuke kule Olkaria, kijana aliyeitwa Kiplagat, ambaye niliwahi kumrekebishia sumaku za kunasa sauti. Alikuwa anauza la kwake la nyuzi saba kwa sababu mke wake alikuwa amejifungua na nyumba ya kampuni ina kuta nyembamba. Jumamosi alikuja Nakuru nalo, limefungwa kwa blanketi ya mtoto ndani ya begi. Alipolifunua, Bwana Mbugua alishika kifua. Lilikuwa jeusi ti, limekwaruzwa kiunoni na mkanda wa suruali, na katikati ya tumbo lilikuwa na stika ya fuvu la mtu linalocheka.

"Hii haiwezi kuingia madhabahuni," akasema.

"Hiyo stika ni ya kampuni?" Mama Nyokabi akamuuliza Kiplagat.

"Hapana, mathe. Ni yangu tu. Ya ujana."

"Basi tutaifunika na ya vijana wa kanisa. Endelea, Mama Akinyi."

Nilihesabu. Masikio saba, mara mbili, yote yanakaza. Freti zimelika kidogo pale juu, dalili kwamba gitaa lilikuwa likipigwa, na linalopigwa huwa limeshaonyesha tabia zake zote. Shingo ilikuwa ya urefu wa kawaida, nyembamba kwa mgongo. Nikafunga jicho. Pande zote mbili zilisema maneno mamoja. Sauti tupu; uzi mnene ukaongea kutoka juu hadi chini kama mzee wa familia anayetaja mahari bila haraka. Nikampa Wambui. Alipolishika bega lake halikupanda. Alipiga mwanzo wa wimbo mmoja, akapotea, akarudi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu waingie Nakuru.

Sasa kupatana bei. Sitawaambia tulianzia wapi wala tuliishia wapi, lakini nitawapa njia. Usilisifu gitaa mbele ya mwenyewe. Sifu mtoto wake. Niliuliza jina la mtoto, uzito, kama analala, na kama gitaa, hata likiwa kimya hapo nyumbani, halimkumbushi mama yake kelele. Kiplagat akaanza kulitazama gitaa kama mgeni aliyekaa sana. Nikapata bei. Halafu nikapata na begi. Halafu mkanda, na ile spana ndogo ya kurekebisha chuma cha ndani ya shingo, ambayo ikikosekana hutaipata duka lolote la hapa. Na pakiti mbili za nyuzi saba. Hizo nilizipigania kuliko bei, maana za sita utazipata hata kwa muuza betri, lakini uzi wa saba ukikatika Dundori Jumamosi jioni, Jumapili utaimba na sita na majirani watahesabu.

"Mathe, umeniacha na blanketi tu," Kiplagat akasema.

"Hiyo ni ya mtoto. Siwezi."

Bwana Mbugua alikubali kwa shingo upande. Nilipomaliza kuliwekea gitaa nyuzi mpya, akanyoosha mkono achukue begi. "Nitaiweka kwangu mpaka Dennis aje. Atafika Jumamosi, kesho yake tunafungua."

Nikaona uso wa Wambui. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya siku hiyo.

Hapo ndipo mdomo wangu ulisema kitu ambacho kichwa hakikuwa kimekiidhinisha.

"Ukiiweka, itaharibika."

"Itaharibika aje, na ni chuma na mbao?"

"Bwana Mbugua, ya saba si kama ya sita. Nimeiwekea nyuzi mpya. Nyuzi saba lazima zizoee mkono mmoja, kila siku, wiki tatu. Zikikaa bure, ama zikibadilishiwa mkono mapema, ule wa saba unapotea."

"Unapotea unaenda wapi?"

"Hapo ndipo hata wenye viwanda hawajui."

Ukweli, vijana, ni kwamba nyuzi mpya hujinyoosha siku moja au mbili, unazikaza tena, basi. Lakini nilisema kwa sura ile ile Mzee Okoth aliyotumia kwa kidole gumba, na sura hiyo ni mtaji. Bwana Mbugua alifikiri. "Ni kama viatu vya ngozi," akasema. "Unampa mtu avilainishe kwanza."

"Umeelewa kuliko watu wengi."

"Basi Wambui alainishe. Dennis akija atapata ziko tayari."

Mama Nyokabi alinitazama kwa muda mrefu kidogo. Alifunga zipu ya begi akamvika Wambui mgongoni.

Nilimvuta Wambui kando nikisingizia mkanda. "Sikia. Wiki ya kwanza utapotea. Mkono wako umezoea kuanza kuhesabu kutoka juu, na sasa juu kuna mgeni. Chukua kipande cha sponji, kiingize chini ya uzi mnene karibu na daraja, usisikike. Gumba lizoee kupumzika juu yake. Kaa naye kama mtu ambaye hamjasalimiana. Wiki ya pili toa sponji, lakini usiuguse. Wiki ya tatu msalimie."

"Na nikiizoea, halafu Dennis aichukue?"

"Hilo mimi sijui. Mimi najua sponji."

Ninyi pia, chukueni hiyo ya sponji. Wapigaji wazuri wa nyuzi sita huja kwa la saba kwa kiburi, na mkono unawasaliti kwa uzi mmoja. Wanabonyeza vizuri kabisa, mahali ambapo si penyewe.

Siku ya kufungua nilialikwa. Kanisa lilikuwa la mawe, mabati mapya, baridi ya Dundori inapita chini ya mlango kama mtu aliyechelewa ibada. Mbele kabisa, kwenye viti vya wageni, walikaa wazee wa kanisa la chini ya barabara, wamealikwa kwa upendo na ili waone. Gitaa lilisimamishwa karibu na madhabahu. Juu ya fuvu kulikuwa na stika ya njiwa, lakini njiwa alikuwa mdogo, na chini yake meno bado yalicheka.

Liliombewa. Kisha Bwana Mbugua akalinyanyua, akawaambia waumini wahesabu naye. "Moja!" Kanisa zima likahesabu, mbili, tatu, na walipofika sita wakanyamaza kidogo wakitazama viti vya wageni. Halafu, "Saba!" na vigelegele. Mimi nilihesabu tena kimoyomoyo. Kazi haiachi mtu.

"Na sasa," akasema, "Dennis."

Dennis alikuwa kijana mzuri, mrefu kweli, mwenye heshima. Tena alijua kupiga. Mniamini, kwa la sita angewashinda wote. Alivaa mkanda, akaipa kwaya tabasamu, akaanza wimbo ambao kila mtu Dundori anaujua tangu tumboni. Mkono wake ukaenda pale unapokwenda siku zote. Lakini juu kulikuwa na mgeni.

Kwaya iliingia kwa nguvu, ikasita, ikatafuta gitaa liko wapi, ikalikuta kwenye nyumba ya jirani. Sauti ya pili ilimfuata Dennis, sauti ya kwanza ikabaki na Mungu. Yule mzee wa kinanda, ambaye hakuwa anasikia, aliendelea vizuri kabisa. Dennis alisimama, akacheka kidogo, akaanza upya. Mkono ukaenda pale pale. Katika viti vya wageni mzee mmoja aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa gumbuti.

"Iko out, sauti zimehama," Dennis akamwambia baba yake kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kiliipenda.

Bwana Mbugua alitazama gitaa. Alihesabu nyuzi kwa macho, nikamwona midomo yake. Zilikuwa saba. Kisha akanitafuta kati ya watu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeanza kukumbuka kitu.

Mama Nyokabi hakungoja kikao. Aliinuka, akapita mbele ya mchungaji, akamvua Dennis mkanda kwa upole na kumwambia, "Asante, mwanangu," akaenda mpaka mstari wa nyuma wa kwaya. Alimvika Wambui lile gitaa kama anayemvika mtoto sweta, akamfunga, akamnyoosha kola. Kisha akamsukuma kidogo mgongoni, mbele.

Wambui hakutazama mtu. Gumba lake likalala juu ya uzi mnene kama mtu aliyefika kwao. Akaanza. Kwaya ilimpata neno la pili, na kabla ya ubeti kwisha hata wageni walikuwa wanaimba, kwa sababu ukiwa Dundori na wimbo ule huwezi kukaa kimya kwa siasa. Alipiga wimbo wote kwa nyuzi sita. Mwisho kabisa, wakati watu wanashikilia amina, aliinua gumba na kuugonga ule wa saba, mara moja tu. Ulienda chini, ukaingia kwenye benchi, ukapanda kwenye mabati, na mabati yakajibu.

Watu wakapiga makofi.

Baada ya ibada tulikula mukimo nje, viazi vilivyopondwa na mahindi, sahani mkononi, mvuke unapanda. Bwana Mbugua alinijia. Nilijiandaa. Nilikuwa na majibu matatu, nikayahesabu tena.

"Mama Akinyi," akasema polepole, "ulisema nyuzi saba huzoea mkono mmoja."

"Nilisema."

"Mimi nilidhani ni maneno ya biashara." Alitikisa kichwa. "Kumbe ni kweli. Zimekataa mtoto wangu mbele ya watu wote."

Nikaweka mukimo mdomoni, mwingi, ili nisiwe na nafasi ya kujibu.

"Sasa itabidi Wambui abaki nayo," akaendelea. "Tukibadilisha mkono, si ule wa saba utapotea?"

Nikatikisa kichwa kukubali, kwa huzuni.

Wambui bado yuko mbele mpaka leo. Fuvu limebanduka nusu, njiwa ameshikilia. Dennis mwenyewe alinipigia baadaye: "Niaje mathe, unaweza nitafutia ya sita?" Nikamtafutia nzuri, na bei nilimwonea huruma.

Na wiki iliyofuata ule ufunguzi, simu iliita, sauti ya mzee nisiyemjua, ya adabu, ya kunong'ona kama mtu ambaye hataki mke wake asikie.

"Wewe ndiye Mama Akinyi wa magitaa? Sisi ni wa kanisa la chini ya barabara. Tunataka kuuliza. Kuna gitaa za nyuzi nane?"

"Ziko."

"Ziko kweli?" Nikamsikia akigeuka kuwaambia wengine kwamba ziko.

"Ziko," nikasema. "Lakini kwanza niambie, nani ataishika?"

Kwa mbali nikasikia watu watatu wakitaja majina matatu.